Rufaa Dhidi ya Mwalimu Sekela

Mwalimu Sekela alistaafu akiwa na miaka sitini. Walimuaga kwa cheti, kanga mbili na saa ya ukutani ambayo haijawahi kupatana na saa nyingine yoyote ndani ya nyumba. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa amewaambia watoto wa shule ya msingi lipi kweli na lipi si kweli, nao wakaandika kama alivyosema. Baada ya kustaafu aligundua kwamba Kibamba nzima hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa. Muuza mboga alijua bei zake. Mjumbe alijua mipaka ya viwanja, au alisema anaijua. Mjukuu wake Gladness, wa kidato cha pili, ambaye aliishi naye tangu mama yake ahamishiwe Dodoma kikazi, alikuwa na swali moja tu kwa siku, nalo lilihusu chaja.

Kwa hiyo Elibariki alipomkuta sokoni akichagua nyanya, akamwambia kuna kazi ya kukaa na kusema lipi kweli na lipi si kweli, Mwalimu Sekela hakuuliza mshahara kwanza. Aliuliza kama kuna meza.

Elibariki alikuwa mwanafunzi wake darasa la nne. Mwaka ule alipata wastani wa arobaini na tisa, na wa kupanda darasa ulikuwa hamsini. Alirudia. Sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye kitambulisho shingoni, msimamizi wa watu thelathini katika ofisi iliyokuwa ghorofa ya pili Kimara, juu ya duka la mabati na misumari. Kampuni ilikuwa na jina la Kiingereza ambalo kila mfanyakazi alilitamka kivyake. Kazi ilitoka kwa mtandao mmoja wa kijamii wa huko ng'ambo, uliokuwa umelemewa na video ambazo hazikupigwa na mtu yeyote, bali zimetungwa na mashine: simba anaingia kanisani wakati wa sadaka, mvua ya mawe makubwa kama maboga, bibi wa miaka mia na ishirini anaendesha bodaboda. Video za Kiswahili zililetwa Kimara. Mkaguzi aliitazama, akabonyeza kitufe kimoja kati ya vitatu, HALISI, MASHINE au SINA HAKIKA, kisha akaandika sababu kwenye kisanduku cha chini. Ikibonyezwa MASHINE, video ilibandikwa lebo ndogo isemayo "Huenda imetengenezwa kwa akili mnemba," na mtandao ukaacha kuipeleka kwa watu wasiomjua mwenyewe. Ilibaki kwake na kwa rafiki zake wavumilivu.

Kitufe cha SINA HAKIKA Mwalimu Sekela hakukigusa. Hakuona kilimhusu nini.

Vijana wa ofisini walikagua vidole. Walihesabu kama viko sita, wakatazama meno, wakasoma vibao vya maduka kuona kama herufi zimesimama vizuri. Mwalimu Sekela hakuhesabu vidole vya mtu. Yeye alitazama adabu. Katika kisanduku cha sababu aliandika kwa sentensi kamili, zenye nukta mwishoni:

"Wageni wamekula pilau na hakuna aliyenawishwa."

"Msiba una watu mia na hakuna anayemuuliza mwenzake marehemu aliumwa nini."

"Mama amebeba ndoo ya maji tangu mtoni, anacheka, na kanga haijalowa popote."

"Kijana amempita mzee bila kumwamkia. Mzee naye hajasema kitu. Haiwezekani."

Miezi mitatu ya kwanza hakuna aliyemkaribia. Mashine zilikuwa zimejifunza ngozi, vivuli na jinsi vumbi linavyopaa barabarani, lakini hakuna aliyekuwa amezilea. Elibariki alichapa majina ya waliofanya vizuri akayabandika karibu na birika la chai, na jina la juu lilikuwa la Mwalimu Sekela, namba 14. Kutoka ng'ambo ilikuja barua pepe ikiuliza mkaguzi namba 14 anatumia mbinu gani. Elibariki alijibu kwa Kiingereza kirefu kwamba ni uzoefu wa miaka thelathini na sita. Wakauliza kama unaweza kufundishwa kwa wiki moja. Waliposikia hauwezi, wakaomba watumiwe sababu zake zote alizowahi kuandika. Zikatumwa.

Mwezi wa nne video za mashine zikaanza kuamkia.

Ziliamkia vizuri, tena kuliko watu. Vijana waliokuwa hawapo duniani waliinama wakatoa shikamoo kwa wazee ambao nao hawapo, wakawapokea mizigo, wakawanawisha kwa birika na beseni. Misibani kila mtu aliuliza marehemu aliumwa nini, na akajibiwa kwa kirefu. Mwalimu Sekela alizitazama kwa faraja kubwa, akabonyeza HALISI. Halafu zikaja video za watu wa kweli, watoto wa Temeke na Segerea wenye waya masikioni, wakipita mbele za wazee kama wanapita mbele ya kabati. Akabonyeza MASHINE.

Rufaa zikaanza kuja.

Mwenye video aliyeona ameonewa aliruhusiwa kukata rufaa. Ilikwenda kwa Elibariki. Ikikubaliwa, mkaguzi alihesabiwa kosa. Mkataba ulisema makosa kumi kwa mwezi yanatosha, mtu anafungasha vitu vyake. Mwalimu Sekela alikuwa ameusoma wote kabla ya kutia sahihi, jambo ambalo hakuna mwingine pale alilifanya, na alipokiona kifungu hicho alisema ni cha haki.

Rufaa iliyomuuma kidogo ilitoka Mbagala. Aliibandika MASHINE video ya mwanamke anayekula sahani moja na baba mkwe wake. Kwao Sekela, Tukuyu, mke wa mtoto hakuwa mtu wa kukaa hata chumba kimoja na baba mkwe, seuze sahani. Mwenye video aliandika: "Huyo ni baba mkwe wangu, na hiyo sahani nimenunua mie."

"Mwalimu, kwetu mbona tunakula tu," alisema Mfaume, kijana wa Lindi aliyekaa meza ya nyuma.

"Mnakula na mkwe?"

"Sahani moja. Akishiba yeye namalizia mie."

Mwalimu Sekela alimtazama muda mrefu kidogo, kama anayetafuta kidole cha sita.

Herieth, aliyekaa meza ya pembeni, alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne mwenye kucha ndefu na moyo mzuri. Rufaa ilipofika ya tisa, na tarehe ikiwa ndiyo kwanza ishirini na moja, alisogeza kiti chake.

"Mwalimu, nikwambie ukweli. Watoto wa siku hizi hawaamkiagi."

"Wa wapi?"

"Wa kila mahali."

"Wangu ananiamkia. Kila siku asubuhi. Anapita pale uani mie nachambua mchele au natengeneza mboga, ananiamkia, namwitikia, anakwenda kuoga."

"Basi wako ana bahati ya kulelewa na wewe," alisema Herieth. "Lakini mwezi huu umebakiza moja tu. Ukiona mtoto hana adabu, bonyeza halisi. Ndiyo njia."

"Nibonyeze kitu ambacho sikiamini?"

"Sie wote tunabonyezaga."

Mwalimu Sekela alirudi kwenye skrini yake. Hakuwa mtu wa kuogopa kufukuzwa kazi. Pensheni yake ilikuwa inakuja, na nyumba ilikuwa yake. Alichokuwa nacho Kimara hakikuwa kwenye pensheni. Kila asubuhi saa mbili mtu alimwekea jambo mbele yake na kumngoja aseme. Alijua vizuri akirudi Kibamba atangojwa na nani: na kuku, wakati wa pumba.

Siku hiyo hiyo, alipofika nyumbani, alimkuta Gladness amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso umevimba.

"Kuna nini?"

"Bibi, wameniharibia video yangu. Nimeiweka Jumapili, ilikuwa inakwenda vizuri kabisa, leo wameibandika eti ni ya AI. Darasani wananiita roboti."

"Ni ya mashine?"

"Bibi jamani. Si nimecheza mwenyewe."

Hapo Mwalimu Sekela angeweza kuomba aione. Lakini alikuwa ametazama video mia nne tangu asubuhi, na kuomba ya mia nne na moja kungekuwa kama mwokaji kurudi nyumbani akaomba mkate. Akatoa ushauri aliowapa watoto maisha yake yote.

"Kama unasema kweli, kata rufaa. Utaratibu upo. Eleza ulipopigia, siku, na nani alikuwepo. Utaje shahidi."

Gladness alijifuta uso, akachukua simu, akaanza kuandika.

Ijumaa asubuhi Elibariki alimwamkia Mwalimu Sekela kama kawaida. Saa nne akamwamkia tena. Mwalimu alivua miwani. Mtu akitoa shikamoo mbili kwa asubuhi moja, ya pili ina kitu nyuma yake.

"Sema."

"Kuna rufaa, mwalimu."

"Ya kumi."

"Ya kumi. Nimekaa nayo tangu jana. Naona bora uione mwenyewe." Alivuta kiti, akakaa ubavuni mwake, mikono katikati ya magoti, namna ile ile aliyokaa darasa la nne.

Video ilikuwa ya sekunde kumi na nane. Uani, mbele ya ukuta wa tofali uliong'aa kuliko tofali linavyoweza, msichana aliingia, uso umelainishwa na urembo wa simu hadi angeweza kuwa mtoto wa yeyote, waya masikioni, akacheza mguu mmoja mbele mmoja nyuma, muziki wa singeli ukienda mbio. Nyuma yake, mgongo ukiwa kwa kamera, mwanamke mzima mwenye kilemba alikuwa amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani. Msichana alipompita, yule mwanamke alisema neno moja bila kugeuka. Basi.

Mwalimu Sekela aliikumbuka. Sababu aliyoandika ilikuwa pale chini: "Bibi anaitikia salamu ambayo haikutolewa. Binadamu hafanyi hivyo."

"Ni ya mashine hii," alisema. "Punguza huo muziki usikilize. Bibi kasema nini?"

"Marahaba."

"Kaamkiwa na nani?"

"Na hakuna mtu."

"Sasa? Mashine imeambiwa bibi husema marahaba. Haikuambiwa husema kwa sababu gani. Ikampa tu. Hiyo ndiyo mbinu yangu, Elibariki, na hapo haijakosea."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini soma na rufaa yenyewe."

Alivaa miwani akasoma.

"Hii video siyo AI. Nimepiga nyumbani kwetu Kibamba, Jumapili, saa tatu asubuhi. Huyo nyuma ni bibi yangu, ni mtu kabisa. Tena anafanya kazi ya kukagua video za AI huko Kimara, msiponiamini muulizeni yeye. Ahsanteni. Gladness."

Alirudia mara mbili. Pahali, siku, shahidi. Ilikuwa imeandikwa vizuri.

"Icheze tena," alisema.

Safari hii hakumtazama msichana. Alitazama ndoo iliyokuwa karibu na kigoda. Mpini wake ulikuwa waya wa umeme wa bluu uliosokotwa mara tatu, na aliyeusokota mara tatu alikuwa yeye, baada ya fundi kuusokota mara mbili ukakatika. Kilemba kilikuwa kipande cha ile kanga ya kuagwa. Mgongo hakuutambua. Haukuwa kitu alichowahi kukiona. Alishangaa kidogo jinsi ulivyopinda.

"Mara nyingine. Ongeza sauti ya nyuma, toa muziki."

Elibariki alibonyeza hapa na pale, singeli ikanyamaza. Zikasikika ndala za Gladness, kuku mmoja, na punje za mchele kwenye ungo. Halafu sauti ya mwanamke mzima, tulivu, ya mtu anayefanya jambo alilolifanya jana na juzi: "Marahaba."

Kabla yake hapakuwa na kitu.

"Labda imekatwa mwanzo."

"Haijakatwa, mwalimu. Nimeangalia."

Mwalimu Sekela alifikiri asubuhi zote za mwaka ule. Alijaribu kusikia shikamoo hata moja ndani yake. Alisikia ndala.

Herieth, aliyekuwa amevaa vipokea sauti masikioni na kujifanya hasikii tangu Elibariki aketi, alivitoa.

"Boss, ikatae tu hiyo rufaa. Mtoto atapiga nyingine. Nani atajua?"

"Naweza kuikataa," Elibariki alisema polepole, akiitazama meza. "Wa ng'ambo hawazifuatiliagi. Unabaki na tisa zako, tarehe moja tunaanza upya."

"Ikikataliwa inakuwaje?" aliuliza Mwalimu Sekela.

"Lebo inabaki."

"Inasemaje ile lebo?"

"Huenda imetengenezwa kwa akili mnemba."

"Kwa hiyo mie nimetengenezwa."

"Huenda," alisema Elibariki.

Kule nyuma Mfaume alianza kukohoa, akainuka, akaenda kwenye birika.

Mwalimu Sekela alikunja miwani akaiweka juu ya meza, sambamba na kalamu.

"Elibariki. Darasa la nne nilikupa ngapi?"

"Arobaini na tisa."

"Ya kupanda ilikuwa ngapi?"

"Hamsini, mwalimu."

"Mama yako alikuja kuniomba hiyo moja."

"Alikuja na kuku. Ukamrudisha na kuku wake. Tulimla usiku ule, na mimi nililia nikila."

"Alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mtamu."

"Ikubali rufaa, mwanangu. Mtoto kasema kweli, na shahidi wake anakubali."

Elibariki aliweka kidole kwenye kipanya, hakubonyeza. "Na wewe je, mwalimu?"

"Wewe ulifanyaje?"

Kijana alifikiri. "Nilirudia."

"Haya."

Akabonyeza. Mahali fulani ng'ambo jina la mkaguzi namba 14 likafutika, bila kelele, kama majina yanavyofutika huko.

Tatizo likawa kwamba mfumo haukuwa na pahali pa mtu anayerudia. Ulikuwa na waliopo na waliotoka. Elibariki alihangaika nao hadi saa tisa alasiri, akagundua njia moja: kumwandikisha upya kama mtu asiyewahi kufika pale. Mwalimu Sekela alijaza fomu ya waombaji wapya kwa mwandiko wake wa ubaoni. Penye "Uzoefu wako katika kazi hii" aliandika: "Nilifeli mara moja." Elibariki alitaka kumwomba aondoe sentensi hiyo, akakumbuka anazungumza na nani, akaipitisha.

Jumatatu alikaa benchi la wanafunzi karibu na mlango, pamoja na vijana saba, akiwa namba 31. Alikuja na daftari jipya la kurasa mia, amelivika jalada la gazeti. Mkufunzi alikuwa Herieth. Herieth alisimama mbele yao kwa tabu, mikono ikitafuta pa kukaa.

"Shikamoo mwalimu," alimwambia kwanza. Kisha akawageukia wote. "Jambo la kwanza. Msiangalie adabu. Kwa sasa hivi adabu siyo kigezo."

Vijana saba walimtazama. Mwalimu Sekela peke yake aliandika.

Jioni Gladness alimpokea mlangoni na simu mkononi.

"Bibi, wameitoa ile lebo."

"Eeh, nimesikia."

"Nilijua tu walikosea. Sijui wamemkalisha nani huko."

"Mtu mzima mmoja."

"Haoni vizuri huyo."

"Anaona. Alikuwa hasikii."

Gladness hakuuliza maana yake, alikuwa anasoma maoni ya watu chini ya video. Hakuna aliyekuwa amesema lolote kuhusu bibi.

Kesho yake asubuhi Mwalimu Sekela alikaa uani kwenye kigoda, ungo mapajani. Mara hii alikigeuza, akakaa akiutazama mlango. Saa kumi na mbili na nusu Gladness alitoka, taulo begani, waya masikioni, ndala zikiburuza. Akapita.

Mwalimu Sekela alihisi lile neno limekuja lenyewe hadi kwenye meno. Alilizuia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, kama kuzuia chafya kanisani. Aliendelea kuchambua. Aliokota kijiwe, akakitupa kwa kuku, kuku akakikagua akakiacha.

Gladness alifika mlango wa bafu akasimama. Alitoa waya wa sikio moja, akageuka, kama mtu aliyesahau kitu na hajui ni kipi.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona kimya?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Bibi alipepeta ungo. Msichana alimtazama, akatazama ungo, akatazama ndoo yenye mpini wa bluu. Ilimchukua muda. Halafu akatoa na waya wa pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akaingia kuoga. Maji yakaanza kumwagika.

Mwalimu Sekela alibaki na ungo wake, na kwa mazoea ya kazi akairudia ile salamu kichwani tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto amesimama. Ameamkia. Mkubwa ameitikia. Kila kitu kimekaa pahali pake, na kanga haijalowa. Ingemjia kwenye skrini wiki ile, imetimia adabu kama zinavyotimia za mashine, angeibonyeza MASHINE bila kusita, na Herieth angempa vema.

Alikwenda ndani, akachukua daftari. Chini ya sentensi ya Herieth aliandika tarehe, saa na pahali. Mbele yake aliandika "Halisi". Penye shahidi akaweka jina lake.